Nani Amlishaye Mlishaji?

Katika barua tulizopokea majuma haya imo moja iliyotukalisha kimya kitambo kirefu. Imetoka Sigino, katika mji wa Babati, mkoani Manyara, nayo imeandikwa na mama mmoja, mzazi wa watoto wanne. Jina lake tunalihifadhi kama alivyotuomba. Lakini swali lake si lake peke yake, na kwa sababu hiyo twaliweka mbele ya jamaa zote zisomazo gazeti hili.

Mama huyu atueleza kwamba mama mkwe wake alipatwa na kiharusi, na sasa huu ni mwaka wa tatu amelala kitandani, upande wa kulia wa mwili wake umepooza. Mama huamka saa kumi ya usiku kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Humwogesha, hufua mashuka, hupika uji na kumlisha kijiko kwa kijiko. Kisha huwahi shambani kwenye mahindi na mbaazi, na jioni kazi huanza upya. Mumewe ni mwashi, naye hurudi usiku. Mawifi na mashemeji wakaa Arusha na Dar es Salaam. Hao hawakumtupa mama yao, maana kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu. Siku moja aliwaomba mmoja wao aje akae na mgonjwa juma moja tu, ili yeye apumzike. Akajibiwa: "Fedha tunatuma, unga upo, nyumba ni yako. Mpishi hufaje njaa?"

Jioni ya siku ile uji ulimwagika kitandani, naye akamfokea mgonjwa maneno ambayo hakupenda kuyaandika. Akaenda nyuma ya nyumba akalia. Aliporudi alimkuta bibi ameuvuta ungo kwa mkono wake mzima, anabambua mbaazi moja moja, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hawakusemezana. Mwisho wa barua mama atuuliza hivi: "Je, kuchoka katika kutenda mema ni dhambi? Na kuomba nisaidiwe ni kukosa upendo?"

Ziko njia mbili nyepesi za kumjibu. Ya kwanza ni kumwambia avumilie tu, maana thawabu yake ni kubwa. Ya pili ni kumwambia kwamba mgonjwa yule si mama yake mzazi, basi awaachie wenyewe. Njia ya kwanza yamwacha mama na mzigo wake wote. Ya pili yamnyang'anya mgonjwa mtu wake. Sisi hatuoni kwamba mojawapo ni jibu. Twamwomba msomaji atufuate kidogo katika njia nyingine, ipitayo ndani ya mwili wa binadamu, kisha iturudishe Sigino.

Tangu mwaka 1628, mganga Mwingereza William Harvey alipochapisha kitabu chake, watu wamejua kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita tano kila dakika. Tukipiga hesabu, ni zaidi ya lita 7,000 kwa siku moja, yaani ndoo 360 za lita ishirini. Na kila mama aliyepata kujitwika ndoo ya maji ajua uzito wa hesabu hiyo. Damu hiyo yote hutoka moyoni kwa mshipa mmoja mkuu uitwao aota, wenye upana wa kama sentimita tatu hapo mwanzo wake. Kutoka katika aota ndipo yagawanyika matawi yaendayo kichwani, mikononi, tumboni na miguuni.

Sasa, ukuta wa mshipa huo mkuu nao ni nyama hai. Una misuli, una nyuzi za kuvutika, nao wahitaji chakula na oksijeni kama nyama nyingine yoyote. Wavipata wapi? Mtu aweza kuona kwamba hilo ni swali la bure. Mshipa uliojaa damu usiku na mchana utakosaje damu? Ni kama kuuliza mpishi hufaje njaa.

Kumbe ndivyo ilivyo. Tabaka la ndani kabisa, lile liguswalo na damu, hupata riziki yake kwa damu hiyo ipitayo. Lakini ukuta wa aota ni mnene, kama milimita mbili, na tabaka za nje ziko mbali mno kufikiwa na chakula kipenyacho polepole kutoka ndani. Damu yenyewe nayo haikutumwa kwao. Yapita kwa kasi, ikienda kwa wengine. Malori yaliyojaa mahindi hupita Babati mchana na usiku, yakishika njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Je, mtu aliyejenga kando ya njia hiyo hushiba kwa kuziona shehena zikipita mlangoni pake?

Basi Mwumba aliyeupanga mwili ameuwekea mshipa mkuu watumishi wake. Ni mishipa midogo sana, membamba kama nyuzi, ambayo hutambaa juu ya ukuta kutoka nje, hujigawa, kisha hupenya ndani yake na kuulisha. Waganga wameipa jina la Kilatini, vasa vasorum, maana yake vyombo vya vyombo. Nasi twaweza kusema mishipa ya mishipa. Mtu apimwapo mapigo ya damu, hapana amwambiaye habari zake. Lakini pasipo mishipa hii, tabaka za nje za mshipa ule mkuu zingekufa njaa, huku mto wa damu ukipita kando yake.

Hapo twaanza kupata jibu la neno lile walilosema ndugu wa mgonjwa. Mpishi aweza kufa njaa, maana chakula kipitacho mikononi mwa mtu si lazima kiwe chakula chake. Fedha zitumwazo Sigino hununua dawa, sabuni na unga, nazo ni msaada wa kweli kwa mgonjwa, hatuwalaumu wazitumao. Lakini zapita kwa mama yule kama damu ipitavyo katika aota. Hazimpatii usingizi wa usiku mmoja, hazimgeuzi mgonjwa saa kumi, wala hazimwulizi mlezi kama naye ameshinda salama. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huuona mkubwa kwa umbo na mwepesi kwa uzito, maana hajautia kichwani.

Liko jambo la pili. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Wolinsky na Glagov, walieleza matokeo ya kulinganisha aota za wanyama mbalimbali wanyonyeshao. Waliona kwamba wanyama wadogo, kama panya, hawana mishipa hii katika tabaka la kati la aota. Ukuta wao ni mwembamba, wajilisha kwa damu ile ile ipitayo. Lakini wanyama wakubwa, ambao ukuta wao una tabaka nyingi, wote wanayo. Mahali ukuta uzidipo unene wa kama nusu milimita, msaada wa nje huwa ni wa lazima.

Watu wengi hufikiri kinyume cha hayo. Husema: mtu dhaifu ndiye asaidiwe, mwenye nguvu ajitegemee. Twamwona mama abebaye jamaa nzima, twamsifu kwamba ni mama wa chuma, na baada ya kumsifu twamwongezea mzigo. Kumbe kadiri mtu anavyobeba wengi, ndivyo ahitajivyo wengi wa kumtegemeza. Hilo si doa katika nguvu zake. Ndivyo nguvu kubwa ilivyoumbwa.

Tena, mishipa hii midogo yatoka wapi? Mingi huchipuka katika matawi ya aota yenyewe. Ile ilishayo sehemu ya kifuani hutoka zaidi katika mishipa iendayo baina ya mbavu. Ile ya karibu na moyo hutoka katika matawi yaliyo karibu na hapo. Yaani mshipa mkuu hulishwa na wale uliowalisha. Sehemu ndogo ya kile ulichokitoa hurudishwa kwake na matawi, si yote, wala nusu yake, bali kiasi cha kuuweka hai.

Twawaomba ndugu zetu wakaao mijini walifikirie neno hilo. Mama yule aliyelala Sigino alikuwa mshipa mkuu wa nyumba hiyo. Alijitwika maji, alilima, aliuza mbaazi ili watoto wapate ada na sare za shule. Na walio Arusha na Dar es Salaam leo ni matawi yake. Sasa kazi yake imeshikwa na mke wa mwanawe. Kumrudishia mlezi huyu juma moja la kupumzika si hisani ya kumfanyia mtu baki. Ni damu ya mama yao wenyewe iwarudiapo wale wamtunzao.

Tusije tukadhani kwamba mambo haya ni ya nyumbani tu. Mishipa irudishayo damu moyoni, iitwayo vena, ina mishipa midogo ya kuilisha iliyo mingi na ipenyayo zaidi kuliko ya mishipa ipelekayo. Maana damu ibebwayo na vena imekwisha kutumika, oksijeni yake imepungua, haiwezi kuushibisha ukuta wake. Wako watu katika taifa letu ambao kazi yao ni kupokea kilichochoka: wauguzi wa wodini, walimu wa watoto wenye ulemavu, wahudumu wa afya vijijini. Hawa wahudumu walitembea miaka mingi nyumba kwa nyumba, wengi wao kwa kujitolea, wakiulizia watoto wenye homa na akina mama wajawazito, na mara nyingi kilichowarudia kilikuwa ni shukrani tu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa taifa wa kuwafundisha na kuwapa posho wahudumu wa namna hiyo zaidi ya laki moja. Ni jambo la kusifiwa, nasi twaomba lisiishie njiani. Maana abebaye huzuni za watu huhitaji kulishwa kuliko abebaye furaha zao.

Sasa twasema juu ya ugonjwa, maana hapo ndipo hatari ilipo. Zamani, kabla penisilini haijaanza kutumika kutibu kaswende katika miaka ya 1940, waganga waliona watu wengi ambao aota yao ilivimba kama puto na hata kupasuka. Vijidudu vya kaswende hukaa katika ile mishipa midogo iulishayo ukuta, huitia uvimbe, nayo huziba. Mshipa mkuu haupati dalili siku ile. Waendelea kupeleka damu kama jana. Lakini ukuta wake wafa polepole, misuli yageuka kovu, na baada ya miaka kumi, ishirini au thelathini, mahali palipodhoofika pashindwa kustahimili. Watu husema amekufa ghafula. Hakufa ghafula, alianza kufa siku ile vidogo vilipoziba. Kwa hiyo akina mama wajawazito wasikwepe kupimwa kaswende kliniki, wala waume zao wasione haya kwenda pamoja nao. Ugonjwa huu hutibika.

Maneno makali yaliyomtoka mama wa Sigino jioni ile tunayaona kuwa ni dalili ya namna hiyo. Hatusemi kwamba kumfokea mgonjwa si kosa. Ni kosa, naye alijua, ndiyo sababu alilia. Amwombe bibi radhi, na jambo hilo liishe. Lakini kuchoka siyo kosa. Musa mwenyewe, alipoinua mikono wakati wa vita na Waamaleki, alichoka. Haruni na Huri wakamkalisha juu ya jiwe na kumtegemeza mikono mpaka jua lilipokuchwa. Hatusomi popote kwamba alikemewa kwa uchovu ule, wala kwamba alikataa jiwe.

Huenda msomaji mmoja akatuuliza: kama kila mtu atangoja kulishwa kwanza ndipo alishe, nani atamgeuza mgonjwa usiku huu? Swali hilo ni la haki. Twajibu kwamba mshipa haungoji. Hulishwa ukiwa kazini, wala hausimamishi damu hata dakika moja ukidai haki yake. Na moyo nao watufundisha kiasi. Matawi ya kwanza kabisa ya aota hayaendi mbali. Yarudi kuulisha moyo wenyewe, maana nao haushibi kwa damu ijazayo vyumba vyake. Lakini katika damu yote uisukumayo, moyo hujitwalia karibu sehemu moja ya ishirini. Haujiweki mwisho, wala haujilimbikizii. Tena msuli wake hupata sehemu kubwa ya chakula hicho kati ya pigo na pigo, wakati unapolegea. Ukikaza daima, hujinyima. Huo twauona kuwa ni mpango mwema kwa kila mlezi: sehemu moja ya ishirini, bila aibu, kila siku.

Wako pia wanaokataa kusaidiwa. Mtu aja kuwapokea kazi, wao husema: acha, hutaweza kama mimi. Hapo wema umeanza kuchanganyika na kiburi, na mtu ataka aonekane kuwa chemchemi, hali yeye ni mfereji kama sisi sote. Mama mpendwa, angalia usiwe mmoja wao siku wifi yako atakapokuja. Huenda uji wake ukawa na madonge. Bibi atakunywa hivyo hivyo.

Wala si kila msaada ni msaada. Waganga watueleza kwamba mafuta yakishikamana katika ukuta wa mshipa na kuutia unene wa ugonjwa, mishipa midogo mipya huota kuelekea humo ovyo ovyo. Ni dhaifu, huvuja, na badala ya kuponya huongeza madhara. Nasi twawajua wageni wa namna hiyo. Huja watano kumjulia hali mgonjwa, hukaa tangu saa nne hadi alasiri, husimulia habari za wagonjwa wengine waliokufa, hungoja chai, hungoja chakula, kisha huaga wakimwambia mlezi: "Usichoke, mama." Wakiondoka humwachia vyombo vya kuosha na kuni zilizokwisha.

Twapendekeza desturi nyingine, nayo haihitaji fedha. Uendapo kumtazama mgonjwa, mwulize kwanza mlezi: wewe umelala saa ngapi? Kisha shika jambo moja: chota maji, au fua shuka, au kaa na mgonjwa saa mbili ili mwenyeji akalale. Jumuiya ndogo ndogo za jirani zaweza kupanga zamu, jamaa moja kila siku ya juma. Kwa jamaa saba, kila moja itapoteza saa mbili tu kwa juma, na mlezi atapata saa kumi na nne. Watoto wa mgonjwa walio mbali nao wapange likizo zao kwa zamu, na juma moja kila mmoja wao aje mwenyewe, asitume fedha peke yake. Mwashi naye, arudipo, amgeuze mama yake walau mara moja usiku. Huyo ndiye aliyemnyonyesha.

Twamrudia sasa mama wa Sigino. Mama, umetuuliza kama kuchoka ni dhambi na kama kuomba msaada ni kukosa upendo. Twakujibu: hapana, na hapana tena. Aombaye msaada ili aendelee kubeba anaulinda upendo wake usife. Omba mara ya pili, na mara ya tatu. Ukitaka, wasomee mawifi na mashemeji gazeti hili, uwaambie kwamba sisi ndio tuliosema.

Tena katika barua yako uliandika neno kama la kupitia tu, nasi hatukuliacha lipite. Jioni ile, wewe ukiwa nyuma ya nyumba, mgonjwa asiyeweza kuinuka aliuvuta ungo. Yeye aliye tawi lako leo, ambaye wamlisha kijiko kwa kijiko, alitafuta kwa mkono mmoja kitu cha kukurudishia. Zilikuwa mbaazi chache. Usimkataze. Kesho mwekee ungo karibu, keti naye, mbambue pamoja.